Chupa za Mwaka wa Kumi na Tisa

Eilert ndiye aliyemfukuza mkewe nyumbani. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, blanketi magotini na huku ni mwezi wa Julai, mashavu yamebonyea, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Na bado alikuwa na nguvu za kugombana.

"Nenda, Torunn. Ukibaki hapa utanihesabia pumzi mpaka tuchukiane."

"Na nikienda ukazidiwa?"

"Daktari kasema nitafika Krismasi. Wiki tatu si Krismasi. Miaka kumi na minane hatujaruka hata mmoja, leo turuke kwa sababu mimi kongosho limeharibika? Na nani mwingine atazijaza zile chupa? Aslak? Huyo hajashika chupa tangu apewe ofisi yenye mlango."

Torunn akacheka, na kwa kuwa alicheka, akawa ameshindwa. Siku nne baadaye dada yake Eilert, Borghild, alihamia pale nyumbani kwao Tromsø na sanduku lake na mito yake miwili, na Torunn akapanda ndege kwenda Longyearbyen, huko visiwa vya Svalbard, kupanda meli.

Watu waliokuwa wakiwaona pamoja walishangaa waliwezanaje. Eilert Kvamme alikuwa msomi wa bakteria wa baharini, mtu wa vitabu na makoti yaliyokosa vifungo, na alikuwa akitapika baharini tangu meli inang'oa nanga hadi inarudi. Torunn alikulia kisiwa cha Senja, akaanza kupasua samaki kiwandani akiwa na miaka kumi na sita, na alipoingia meli ya utafiti aliingia kama mtu wa kuosha sitaha. Eilert, akiwa ameegemea ukuta na ndoo mkononi, alimwona akifunga kamba kwenye baridi bila glavu, vidole havitetemeki hata kidogo. Akamwuliza kama angependa kujifunza kuchuja maji. Miaka miwili baadaye Torunn alikuwa anachuja maji kumshinda mwalimu wake, na walikuwa wameoana.

Kazi yao ilikuwa moja, na waliirudia kila Agosti mahali palepale, kaskazini ya Svalbard, pale bahari wazi inapokutana na barafu. Jua la kiangazi likikaa angani mchana kutwa na usiku kucha, mimea midogo isiyoonekana kwa macho hujaa majini na kunyonya kaboni iliyotoka hewani. Kisha bakteria huila ile mimea. Wanachokila, sehemu wanaipumua, inarudi kuwa hewa ukaa. Kinachosalia kinazama hadi chini kabisa, gizani, na kukaa huko karne na karne. Eilert alitaka kujua ni kiasi gani kinapumuliwa na kiasi gani kinazama, na kama kadiri bahari inavyopata joto wale bakteria wanazidi kuwa walafi. Namba ya mwaka mmoja haisemi kitu. Namba za miaka kumi na minane zilikuwa zimeanza kusema, na zilichosema hakikuwa kizuri.

Bakteria wenyewe aliwaita wenyeji. "Sisi wageni tu hapa," alikuwa akisema, uso umemgeuka kijani kwa kichefuchefu. "Wenyeji ni wao."

*

Jumatano moja ya Agosti, meli yao Havdis ilisimama kwenye ukingo wa barafu. Ule mtambo mkubwa wa chupa ishirini na nne ulishushwa kwa winchi hadi mita arobaini, ukapandishwa unachuruzika maji, na Torunn akaanza kazi aliyoijua kuliko kazi yoyote duniani. Alijaza chupa kumi na mbili za kioo cheusi, taratibu, maji yakipanda kutoka chini ya chupa ili hata kipovu kimoja cha hewa kisiingie. Kwanza akapima oksijeni iliyomo. Kisha akazizamisha kwenye beseni la maji ya baridi ileile ya baharini, nyuzi moja chini ya sifuri, akafunika. Zingekaa humo gizani siku tano. Jumatatu angezifungua na kupima oksijeni iliyobaki, na pengo kati ya namba mbili hizo ndilo lingemwambia wenyeji wamepumua kiasi gani. Katika siku hizo tano hazikuhitaji mtu. Zilihitaji tu zisiguswe.

Alipomaliza alimwandikia Eilert barua pepe: "Wenyeji wameingia chupani. Wazima wote. Umekula?"

Jibu halikuja Jumatano. Halikuja Alhamisi. Ijumaa asubuhi alimkuta Aslak Nymoen kwenye ngazi, akamwuliza kama yeye anapata barua.

Aslak ndiye aliyekuwa kiongozi wa safari. Alikuwa rafiki wa Eilert tangu chuoni, na ndiye aliyesimama naye kanisani siku ya harusi. Bwana mrefu, mpole, mwenye mazoea ya kukuangalia machoni anapozungumza. Asubuhi ile aliangalia ngazi.

"Mtandao huku juu ni mbovu," alisema. "Unajua mwenyewe. Setilaiti hazitufikii vizuri."

"Ndiyo, lakini siku tatu?"

"Mbovu sana safari hii," Aslak alisema, akapita.

Gunnvor, mpishi, mwanamke mnene kutoka Lofoten aliyemjua kila mtu melini kwa tumbo lake, alikuwa ameshaona mambo. "Yule mkubwa wenu ana nini?" alimwuliza Torunn. "Tangu jana ananirudishia sahani kama nilivyompa. Nimempikia chewa, hataki. Nimempa maini ya chewa, hataki. Mtu wa kaskazini akikataa maini, mwite daktari."

"Labda anaumwa tumbo."

"Anaumwa roho huyo. Mimi nayajua matumbo."

Wakacheka, Torunn akaenda zake.

*

Jumamosi mchana palikuwa na uji wa mchele, kama kila Jumamosi, wenye siagi inayoyeyuka katikati na sukari na mdalasini. Torunn alikula bakuli mbili. Kisha akakaa kwenye kompyuta ya pale kwenye ukumbi wa chakula, kwa sababu muda huo ndio barua zilikuwa zikiingia kwa pamoja. Zilikuwa saba. Ya Eilert haikuwamo. Moja ilitoka kwa mama mmoja wa Bremen, Ujerumani, ambaye walisafiri naye zamani, na Torunn aliifungua akidhani ni mambo ya vichujio.

"Torunn mpendwa," iliandikwa, "leo asubuhi tumepata habari za Eilert. Sina maneno. Pole sana. Sijui kama uliwahi kufika."

Aliisoma mara moja tu. Nyuma yake watu walikuwa wanagonga vijiko na mtu alikuwa anasimulia habari za mbwa wake. Torunn aliinuka, akarudisha kiti mahali pake, akapanda ngazi mbili hadi chumba cha Aslak. Hakubisha hodi.

Aslak alimwona uso, akasimama.

"Lini?" Torunn aliuliza.

"Kaa kwanza."

"Lini, Aslak?"

"Jana. Alfajiri. Mapafu yalipata maambukizi, ikawa haraka. Hakuna aliyetegemea. Borghild alikuwa naye." Alikuwa anasema haraka, kama mtu aliyeyakariri. "Nilimwomba Borghild asikuandikie. Nikamwambia nitakwambia mwenyewe, uso kwa uso."

"Utaniambia lini? Jana niliongea na wewe. Ulisimama pale kwenye ngazi ukaniambia habari za setilaiti."

Aslak alijishika kwenye ukingo wa meza. "Aliniapisha, Torunn. Kabla hatujaondoka nilikwenda kumuaga, wewe ulikuwa mjini. Akanishika mkono. Akasema, likinitokea jambo, usimwambie chochote mpaka chupa zitoke. Nikakataa. Akanishika tena. Akasema nisipoapa hataweza kulala. Nifanye nini? Nikaapa. Ningekwambia Jumatatu."

"Mpaka chupa zitoke," Torunn alisema.

"Ndivyo alivyosema."

Torunn alishuka. Hakulia. Kilichokuwa kifuani mwake wakati ule hakikuwa kilio. Miaka ishirini na moja ya ndoa, na mtu huyu, akiwa kwenye kiti chake, chini ya blanketi alilofumiwa na Torunn, alikuwa amepima kwenye mizani: upande mmoja mkewe, upande mwingine maji. Na akachagua maji. Alimfukuza nyumbani huku anajua. Alimchekesha ili aondoke.

Maabara ilikuwa tupu, watu wote walikuwa kwenye uji. Alifunua beseni. Chupa kumi na mbili zilikuwa zimekaa kwenye safu kama alivyoziacha, zimebakiza siku mbili. Alichukua ya kwanza, akang'oa kizibo, akaimimina kwenye sinki. Harufu ya chumvi na barafu ikapanda.

"Ulitaka maji," alisema kwa sauti. "Haya, chukua maji yako."

Ya pili. Ya tatu. Hakuzivunja, aliziweka kando, zimesimama, kwa sababu mikono yake haikuwahi kujua kuvunja chombo. Alipofika ya tisa alisikia mlango. Aslak alikuwa amesimama pale, mdomo wazi.

"Torunn, usi—"

Torunn alimwangalia na kumimina ya tisa, na ya kumi, na ya kumi na moja. Ya kumi na mbili aliishika muda mrefu kidogo. Kisha nayo ikaenda.

Baada ya muda Aslak alikunja mikono ya sweta, akaanza kuziosha chupa tupu moja moja, na Torunn akamwacha humo.

*

Nahodha aligeuza meli saa hiyohiyo bila kuombwa mara mbili. Helikopta haikuwezekana, ukungu ulikuwa umelala juu ya barafu mpaka huwezi kuona ncha ya meli yako mwenyewe. Ingekuwa siku tatu za bahari hadi Tromsø. Siku tatu kwenye meli ambayo haina mahali pa kukwepana.

Jumapili asubuhi simu ya setilaiti ikashika. Torunn alikaa chumba cha usukani na kumpigia wifi yake.

"Ni mimi, Borghild."

Upande wa pili Borghild akaangua kilio. Torunn alisubiri. Alikuwa amejiandaa kusema jambo baya kuhusu Eilert na alitaka mtu wa kumwambia.

"Nimeambiwa alivyoapisha watu," alisema. "Nisiambiwe mpaka nimalize kazi yake. Hivi ndivyo alivyokuwa ananiona, Borghild? Fundi wake tu?"

"Wifi, unasema nini?" Borghild aliacha kulia. "Kwani hukupata ujumbe wangu wa Alhamisi?"

"Ujumbe gani?"

"Nilipiga simu melini. Saa nne asubuhi. Eilert ndiye aliyeniambia nipige. Alikuwa amezidiwa usiku ule, na asubuhi akaamka na akili zake zote, akasema, mwite Torunn. Nikamwambia, si ulisema asisumbuliwe? Akasema nilikuwa mjinga. Akasema, acha maji, aache hayo maji yote, mwambie arudi, nataka kumwona. Nikapiga. Akapokea Aslak. Akaniambia uko mbali kwenye barafu, hufikiki mpaka jioni, ukirudi atakwambia."

Torunn aliubana mkono wa simu sikioni.

"Niliweka simu kwenye mto wake, wifi. Kutwa nzima. Kila ikilia ananiangalia. Aliniuliza mara tatu kama umepiga. Mara ya tatu nikamdanganya. Nikamwambia umepiga akiwa amelala, na kwamba uko njiani. Mungu anisamehe."

"Alisemaje?"

"Alisema, 'Sawa.' Akafumba macho. Baada ya hapo hakuongea vizuri tena."

Alhamisi saa nne asubuhi. Torunn alijua vizuri alikuwa wapi. Alikuwa ukumbi wa chakula, ngazi mbili chini ya simu hii, anakula mkate wa mdalasini na kubishana na Gunnvor kama chewa achemshwe na ngozi au bila ngozi. Anga lilikuwa safi siku ile. Walikuwa bado kwenye masafa ya helikopta.

Alimkuta Aslak sitaha ya nyuma, peke yake, bila kofia.

"Aliniita kwa simu, ukasema sipo," alisema.

Aslak alifumba macho. "Borghild kakwambia."

"Nilikuwa nakunywa kahawa, Aslak. Ungepiga kelele tu ningesikia."

"Nilidhani ni homa inayosema." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Yule niliyemwapia alikuwa na akili timamu, alijua anachotaka. Nikasema nitamheshimu yule, si huyu aliyeshikwa na hofu kitandani. Nilijiambia hivyo. Na nilidhani ana siku. Nilidhani Jumatatu atakuwepo bado."

"Chupa hazikuwa zinanihitaji. Unajua. Unajua kabisa kwamba siku tano zile hazina kazi. Ningeongea naye, dakika moja, nikarudi, zingekuwa palepale gizani."

"Ungetaka helikopta."

"Ningetaka, ndiyo!"

"Na nani angezifungua Jumatatu?"

"Wewe!" Torunn alimpiga kifuani kwa mkono wazi. "Ungezifungua wewe. Ungezikoroga, ungeingiza hewa kila mahali, namba zingekuwa takataka, na mimi ningemhadithia, naye angecheka mpaka akohoe. Ndicho angetaka. Hukumjua hata kidogo."

Aslak aliacha apigwe. Upepo ulikuwa unamtoa machozi, au hayakuwa ya upepo. "Nilizitaka," alisema. "Si yeye tu. Mimi nilizitaka zile namba. Mwaka wa kumi na tisa. Jina langu nalo limo. Nisikufiche."

Torunn alirudi chumbani kwake, akalala na viatu. Ndipo alipolia. Hakumlilia Aslak wala chupa. Alilia kwa sababu alikuwa amesimama kwenye sinki akimchukia mumewe kwa roho yake yote, mtu aliyekuwa ameshakufa siku nzima, na ambaye kabla ya kufa alikuwa amelala na simu kwenye mto akimngoja yeye. Angeomba radhi kwa nani? Hata maji yenyewe alikuwa ameyamwaga.

Gunnvor aliingia na supu, akaiweka chini, akamvua viatu kimoja kimoja. Kisha akakaa kitandani miguuni pake, kitanda kikalalamika, na akakaa hapo mpaka supu ikapoa.

"Kula ukitaka," alisema. "Usipotaka, acha. Nitaleta nyingine."

Hakuleta mzaha wowote siku zile tatu. Aslak alikula chumbani kwake, kama alikula.

*

Eilert alizikwa siku ya mvua nyembamba, milima imefichwa hadi kiunoni. Watu wa taasisi walikuja wengi. Torunn alisimama kati ya Borghild na Gunnvor, ambaye alikuwa amevaa gauni jeusi la kuazima lililomkaba. Aslak alikaa kiti cha mwisho kanisani na akaondoka kabla ya kahawa.

Alikuja nyumbani mwishoni mwa Septemba, mchana, bila kupiga simu. Torunn alimfungulia kwa sababu hakuwa na nguvu za kutomfungulia. Walikaa jikoni. Aslak alisema ameandika ripoti ya safari na ameeleza yote, kuanzia simu ya Alhamisi, na kwamba amewaambia wamtafute kiongozi mwingine. Alisema hakuja kuomba kusamehewa.

"Vizuri," Torunn alisema, "kwa sababu msamaha sina."

"Kuna lolote naweza kukufanyia?"

Torunn aliwaza. Alikuwa na jambo moja, na alikuwa amelizunguka wiki sita bila kujua amwulize nani.

"Alhamisi ile, ulipopokea simu. Borghild anasema alikuwa amekaa kitandani kwa Eilert, karibu kabisa. Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Alisema nini?"

"Torunn."

"Sema."

"Nilipopokea nilisema 'haloo' tu. Na kabla Borghild hajasema kitu nikamsikia yeye, nyuma yake. Alidhani ni wewe umepokea." Aslak alikuwa anaangalia mikono yake mwenyewe. "Alisema, 'Torunn? Ni wewe?' Basi. Kisha Borghild akaanza kuongea."

"Sauti yake ilikuwaje?"

"Ilikuwa ya furaha," Aslak alisema.

Torunn alitikisa kichwa polepole. Alitaka amwambie aiseme tena, vilevile kama Eilert alivyoisema, lakini aliona kwamba Aslak hawezi, na kwamba hata akiweza itakuwa sauti ya Aslak. Gari lilipita barabarani. Halafu akainuka, akachukua koti la mgeni wake lililokuwa kwenye kiti, akampa, na kumfungulia mlango.